Sikio la Kushoto

Ilitokea, na kama haikutokea basi imeahirishwa tu, katika nchi moja ambayo jina lake limeondolewa kwenye ramani kwa ajili ya matengenezo, kwamba Serikali iliamua kuhesabu watu wake. Ilikuwa Serikali sikivu kuliko zote, na jambo hilo halikuwa siri, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyolitangaza kila saa kwa vipaza sauti. Ilikuwa na Wizara ya Usikivu. Ilikuwa na Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Gervas Tumbi, aliyeweza kuhutubia saa nne mfululizo bila kunywa maji wala kusikia swali. Nembo ya Wizara ilikuwa sikio moja kubwa la kulia, lililochorwa kwenye magari, kwenye barua na hata kwenye sabuni za maliwatoni.

Sensa ilitangazwa redioni, misikitini, makanisani, kwa gari la matangazo na kwa kengele za shule, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. Na kweli hakuna aliyesema. Wale ambao hawakusikia hawakujua kwamba kuna kitu hawakukisikia.

Mmoja wao alikuwa Bi Kidawa, fundi cherehani wa Mtaa wa Kengele, ambaye surua ilimwachia uhai utotoni ikachukua masikio kama ada ya usumbufu. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake. Cherehani aliiweka ikitazama mlango wa uani kwenye mwanga mzuri, kwa hiyo alishona akiupa mgongo mlango wa mbele. Hilo halikumsumbua mtu. Nje, karibu na kitasa, ilining'inia kamba. Kamba ilipita kwenye tundu, ikapanda darini, ikashuka na kitambaa chekundu mbele ya uso wake. Mgeni akivuta, kitambaa kinaruka, Kidawa anainuka. Ubaoni paliandikwa VUTA KAMBA, kwa wasiojua, lakini mtaa mzima ulijua: wateja, wauza maandazi, na mbuzi wa Mama Pili, aliyezoea kuitafuna kamba hiyo na kufunguliwa mlango mara mbili kwa wiki.

Serikali nayo ilijua. Miezi mitatu kabla ya sensa, Afisa wa Kata, Bwana Kilindo, alikuja kuagiza vizibao mia tatu vya makarani. Hakupata shida yoyote ya mawasiliano. Alivuta kamba, akafunguliwa, akachora sikio, Kidawa akachora sikio zuri zaidi, wakabishana kwa kalamu saa nzima kuhusu ukubwa wa ndewe, wakaelewana. Vizibao vilikwenda, kila kimoja na sikio lililotariziwa mgongoni. Kumi na sita vilirudi. Vilirudi na barua: "Sikio ni la kushoto. Serikali husikiliza kwa sikio la kulia. La kushoto ni la wapinzani. Rekebisha au teketeza."

Kidawa hakurekebisha wala hakuteketeza. Alilisukuma boksi chini ya meza kwa mguu. Mtu aliyetarizi masikio mia tatu haombwi la mia tatu na moja.

*

Siku ya kuhesabiwa, karani Festo Ngalapa alifika mlangoni kwa Kidawa akiwa na kizibao, kishikwambi, chaki na Mwongozo. Aliongozana na mjumbe wa mtaa, Mzee Sumni, ambaye kazi yake kisheria ilikuwa kuonyesha nyumba zinazoonekana.

"Hodi," alisema Festo.

Haya yaliyosemwa hapa Kidawa hakuyasikia. Tunayaandika kwa ajili ya kumbukumbu za taifa tu.

"Huyo hasikii," alisema Mzee Sumni. "Vuta kamba."

"Kamba gani?"

"Hiyo inayokukuna shingo."

Festo aliufungua Mwongozo, akapitisha kidole kwenye yaliyomo. "Mzee, Mwongozo hauna kamba. Una hodi."

"Mwanangu, hata mbuzi anaivuta."

"Mbuzi hakuhudhuria semina." Akakohoa, akapandisha sauti. "Hodi."

Mzee Sumni alimshika mkono akamsogeza dirishani. "Haya, chungulia. Mgongo ule pale. Anashona. Unaona kiwiko kinavyokwenda?"

"Namwona vizuri sana," alisema Festo kwa huzuni. "Lakini Mheshimiwa Waziri alituasa siku ya kufunga semina: kuona si kuhesabu. Ukianza kuhesabu kila unachokiona, Mzee, utamaliza na kuku."

Akapiga hodi ya tatu, kwa sauti ya mtu anayenadi dagaa siku ya mwisho. Mbuzi wa Mama Pili aliitika. Festo alisubiri dakika moja ya heshima, akakibonyeza kishikwambi, kisha akatoa chaki. Chaki ikamponyoka, ikaangukia mferejini, ikaenda na maji. Karani hakuyumba. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na chaki bapa ya buluu, ile ya kuchorea vitambaa. Aliiazima kwa niaba ya Serikali, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAMNA MTU. Nayo, kwa kuwa ilikuwa ndogo na nzuri, akaitia mfukoni.

Kidawa aligeuka kuchukua chaki yake ili achore pindo. Haikuwepo. Akatazama nje, akaona sikio alilolitarizi kwa mkono wake mwenyewe likienda zake na kumpa kisogo. Alitoka. Akausoma mlango wake. Akautambua mwandiko wa Serikali na chaki ya kwake.

Alimkuta Festo kwenye kona, akamgusa bega. Festo aliruka kama aliyeguswa na marehemu, na kwa mujibu wa kishikwambi hakuwa mbali na ukweli. Kidawa alimwonyesha daftari: "Niko. Umeandika sipo. Nihesabu."

Katika nchi ile watu waliamini kwamba uziwi ni aina ya umbali. Kwa hiyo Festo alimjibu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "MAMA. SWALI LA KWANZA. JE. KUNA MTU. AMEITIKIA. HODI." Akaonyesha kwenye kioo. "NIMESHABONYEZA HAPANA."

"Si urudishe nyuma, ubonyeze ndiyo," alisema Mzee Sumni, akiziba masikio.

"Hakirudi nyuma, Mzee. Hiki ni chombo cha maendeleo."

Aliyewahi kulala bweni atamwelewa Festo. Kiranja akishaandika jina lako kwenye orodha ya wapiga kelele, umekwisha. Hata ukithibitisha kwamba ulikuwa umelala, ataandika pembeni: "alipiga kelele akiwa usingizini." Festo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kiranja tu, kiranja wa taifa zima, na kesho yake alipandishwa cheo kwa kasi ya kazi akahamishiwa mikoani, ambako kulikuwa na nyumba nyingi zaidi za kutokuwa na watu.

Mzee Sumni ndiye aliyemfikishia Kidawa habari yenyewe. Aliinua vidole saba. Akazungusha mkono kama anayefunga kufuli. Akaelekeza kidole kwenye nyumba, kisha mbali, kwa wakubwa. Kidawa alielewa bila karatasi. Nyumba iliyoandikwa HAMNA MTU ni nyumba tupu, na nyumba tupu siku ya saba hutwaliwa na Tume ya Makazi Matupu ikapewa mtumishi wa umma mwenye uhitaji. Alifikiria kitambaa chekundu kikirukaruka mbele ya macho ya mtumishi mwenye uhitaji. Alifikiria cherehani ya mama yake barazani kwa watu. Kisha akafikiria kuchukua tambara la maji, lakini chini ya maandishi Festo alikuwa amebandika kikaratasi: "Kufuta chaki ya Serikali ni kifungo cha miaka miwili."

*

Siku ya tatu alikwenda Ofisi ya Kata kulalamika. Ukutani palikuwa na bango la Mheshimiwa Tumbi, mkono sikioni, na maneno: TUNAKUSIKIA. Kidawa aliandikisha jina, akaketi chini ya bango. Saa nne mhudumu alitokeza kichwa mlangoni akaita, "Kidawa." Akaita tena. Akaita mara ya tatu, akaandika, akafunga mlango. Kidawa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa mhudumu, lakini wakati huo alikuwa akishona kifungo cha koti la jirani yake wa benchi, maana hawezi kuona kifungo kinaning'inia akanyamaza.

Alikaa mpaka saa tisa. Bwana Kilindo alipokuwa akitoka alimwona, akamchangamkia kweli kweli. Akachora sikio hewani kwa kidole, utani wao wa zamani. Kidawa hakucheka. Alimpa karatasi yake. Kilindo aliisoma, akaingia ndani kutazama kitabu, akarudi akiwa na majonzi ya kiofisi, akaandika chini yake:

"Pole sana dada. Ila kwa mujibu wa kumbukumbu, hukuja leo."

Kidawa alimtazama. Akajitazama. Akaandika: "Niko mbele yako."

Kilindo akaandika: "Hilo mimi binafsi nalikubali. Kiofisi unaweza kukata rufaa." Na chini yake akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, namba ya simu. "Bure. Unapiga tu, unaongea."

Isidhaniwe kwamba Serikali ililala. Malalamiko yalimfikia Waziri mwenyewe, naye siku ya tano alituma msaada maalumu kwa viziwi: gari lenye vipaza sauti kumi na viwili. Lilisimama mlangoni kwa Kidawa likapiga hodi iliyodondosha maembe ya watu na kuwapa wagonjwa wa kata ya jirani matumaini ya kiyama. Ndani, Kidawa aliona pini zikicheza ndani ya kopo. Aliweka kiganja mezani, akadhani ni tetemeko, akajificha chini ya meza kama busara inavyoelekeza. Alipotoka, gari lilikuwa limekwenda. Mlangoni sasa paliandikwa: HAMNA MTU KABISA.

*

Alasiri ya siku ya sita kitambaa kiliruka. Alikuwa Shomvi, seremala, kiziwi mwenzake waliyesoma naye, na nyuma yake viziwi wengine tisa wa kata ile. Milango kumi na mmoja yenye chaki. Walijaa chumbani, mikono ikaanza kwenda yote kwa pamoja kama jiko la sherehe.

Katika lugha ya alama kila mtu ana jina lake, na jina hilo halichaguliwi na mwenye nalo. Bwana Kilindo aliitwa kwa kuchora sikio na kupiga mwayo. Festo alikuwa chaki inayoingia mfukoni. Jina la Mheshimiwa Waziri lilianzia tumboni, likazunguka mara mbili, na adabu inatuzuia kueleza lilikoishia.

"Nahamia kwa dada yangu," alisema Shomvi kwa mikono. "Shemeji hanipendi, lakini walau ananiona."

"Na zana zako?" aliuliza Kidawa.

"Zana nitazibeba. Mlango sitaweza. Niliutengeneza mwenyewe ule mlango, Kidawa. Mninga mtupu. Wameandika juu ya mninga."

Kidawa alitazama chini, kwa sababu hakutaka waone macho yake, na huko chini macho yake yakaliona boksi.

Alilivuta. Vizibao kumi na sita, kila kimoja na sikio la kushoto. Kwenye mfuko wa kimoja karani fulani alikuwa amesahau Mwongozo. Kidawa aliusoma kama mtu anayesoma ruwaza ya gauni, akitafuta panapobana na panapolegea. Kifungu cha pili: "Karani hutambulika kwa kizibao chake, na mwananchi asimuulize zaidi." Kifungu cha tisa: "Karani atapiga hodi kwa lugha yake mwenyewe, kwa adabu, mara tatu, wala asiguse kitu." Kifungu cha kumi na mbili: "Chaki itafutwa na karani aliyeiandika, au na Waziri kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu, hata akiwa nani, atakayefuta mlango wake."

Aliwapa wenzake wausome. Shomvi aliusoma mara mbili, akauinua uso polepole.

"Kwa lugha yake mwenyewe," alisema.

"Kwa adabu," alisema Kidawa, akafungua kopo la chaki za buluu.

*

Asubuhi ya siku ya saba makarani kumi na mmoja walipanda Mlima wa Viongozi. Mlinzi getini aliona vizibao, akapiga saluti. Katika nchi ile Serikali haikuwa na sura. Ilikuwa na nguo.

Mheshimiwa Tumbi alikuwa kwenye veranda anakunywa supu. Kidawa alisimama mbele ya mlango, akanyoosha nguo, akainua ngumi na kugonga hewa kwa adabu kubwa: hodi.

"Nyie nani?" aliuliza Waziri.

Kidawa alisubiri. Akapiga hodi ya pili, kubwa zaidi, kuanzia begani.

"Nasema mnataka nini? Hamsikii?"

Hapo Mheshimiwa aliingia kwenye ukweli kwa bahati mbaya, akatoka bila kujua. Alipunga mkono kuwafukuza. Shomvi aliutazama mpungo ule kwa makini, asije akamdhulumu mtu, akawaambia wenzake kwamba kwa lugha ya alama alichosema kilikaribia "mkeka unachemka", na hilo si jibu la hodi. Kidawa akapiga hodi ya tatu kwa mikono miwili. Alisubiri dakika moja ya heshima, akimtazama Waziri usoni. Kisha akaandika mlangoni, kwa mwandiko wa fundi, herufi zikilingana kama mishono: HAMNA MTU.

Wakateremka kwa Bwana Kilindo, aliyekuwa anapiga mswaki, akawachorea sikio kwa furaha. Sikio si jibu la hodi. Wakamalizia na Ofisi ya Kata, ambako mhudumu alitokeza kichwa akauliza majina yao mara tatu.

Saa sita Tume ya Makazi Matupu ilianza kazi. Ilianzia mlimani kwa sababu barabara ya lami iliishia hapo. Mkuu wa Tume alisoma mlango wa Waziri, akavua kofia.

"Mheshimiwa, tunasikitika. Nyumba hii ni tupu."

"Tupu vipi, mimi nimekaa ndani?"

"Tunakuona, Mheshimiwa."

"Basi?"

"Kuona si kuhesabu, Mheshimiwa. Hayo ni maneno ya hotuba yako, ukurasa wa arobaini. Tumeyakariri wote."

Wajumbe wengine wa Tume walipokuwa wamekwisha teremka na makufuli, Waziri alitaka kupiga simu ya rufaa. Alipiga. Simu ililia Ofisi ya Kata, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli jipya, kwa sababu ofisi nayo haikuwa na mtu. Ililia sana. Bwana Kilindo aliisikia akiwa nje, amekalia sanduku lake, mswaki ungali mdomoni, kwani nyumba yake alikuwa ameshapewa dereva wa gari la vipaza sauti, mtumishi mwenye uhitaji.

Mheshimiwa akaita aletewe tambara. Mkuu wa Tume, kwa unyenyekevu, akamsomea kifungu cha kumi na mbili mpaka mwisho. Ndipo Waziri akauliza ni nani aliyeandika.

*

Saa tisa alasiri gari jeusi lilisimama Mtaa wa Kengele. Nyuma yake, kwenye kona ya mtaa, lilikuwa linaingia lori la Tume, makufuli yakigongana ndani ya sanduku.

Mheshimiwa Tumbi alisimama mbele ya mlango ulioandikwa HAMNA MTU KABISA.

"Hodi," alisema.

Ng'ambo ya barabara Mzee Sumni alikuwa barazani anamenya muwa. Aliendelea kumenya.

"Hodi," alisema Waziri, kwa sauti ya bungeni. Halafu, "Hodi," kwa sauti ya uwanja wa mpira. Alichungulia dirishani. Mgongo ule pale, kiwiko kinakwenda.

"Anajifanya," alimwambia Mzee Sumni.

"Hajifanyi, Mheshimiwa."

"Sasa mtu anaongea naye vipi?"

Mzee Sumni alitema kapi la muwa. "Vuta kamba, Mheshimiwa."

Waziri aliitazama kamba. Ilikuwa imetafunwa mwishoni na ilinukia mbuzi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama kuna mwandishi wa habari. Akaivuta.

Kitambaa chekundu kiliruka mbele ya Kidawa. Alikuwa katikati ya mshono. Aliumaliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma sindano mara mbili ili usifumuke, akakata uzi kwa meno. Kisha akainuka, akachota maji ndooni, akafungua mlango na tambara mkononi.

Waziri alianza hotuba. Alieleza historia ya Wizara, akagusia changamoto. Kidawa aliutazama mdomo ule ukifunguka na kufungika, akasubiri ukome, na ulipokoma alimnyooshea tambara. Akaonyesha maandishi. Akaonyesha lori, ambalo sasa lilikuwa milango mitatu nyuma.

Mheshimiwa Gervas Tumbi alitazama tambara, akatazama lori, akatazama mkono wa yule mwanamke uliokuwa haujashuka. Kisha akapokea, akakunja mkono wa shati, akafuta. KABISA lilitoka kwanza, kisha MTU, kisha HAMNA. Lori la Tume lilifika, likakuta mlango hauna neno, likasita, likapita.

Waziri alirudisha tambara. Kidawa hakulipokea. Alichunguza mlango kama mwalimu wa zamu anavyochunguza bweni siku ya ukaguzi, akainama, akamwonyesha pembe ya chini aliyoiruka. Mheshimiwa akapiga goti, akaifuta.

Alipoinuka akihema, Kidawa aliinua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akavikunjua vidole vyote, akavishikilia hapo mpaka alipohakikisha ameelewa. Kumi. Kisha akamwonyesha mlango wa mninga ng'ambo ya barabara, ambako lori lilikuwa tayari linapunguza mwendo.

Mheshimiwa alikimbia.